Mwalimu Mstaafu Achukua Fomu

Sheria ya elimu ya jimbo la California, nchini Marekani, ina kifungu kinachomgusa kila mwalimu mwenye ndoto ya uongozi. Aliyeajiriwa na wilaya ya shule anaruhusiwa kuchukua fomu, kupiga kampeni na hata kushinda kiti katika bodi inayoiendesha wilaya hiyo. Asichoruhusiwa ni kuapishwa kabla hajaandika barua ya kuacha kazi. Mantiki yake inaeleweka. Bodi ndiyo mwajiri, ndiyo inayopitisha mishahara, ndiyo inayoidhinisha mkataba na chama cha walimu. Mtu hawezi kukaa pande zote mbili za meza na kujipangia mshahara.

Lakini fikiria kifungu hicho kinamwacha nani mlangoni. Mwalimu wa miaka 35, mwenye mkopo wa nyumba na watoto wanaosoma, ataacha mshahara ili akakalie kiti ambacho katika wilaya nyingi za Marekani hakilipi kitu, au kinalipa posho isiyotosha kodi ya mwezi? Wachache sana. Anayebaki ni yule aliyekwisha kuondoka kazini kwa heshima zake, mwenye pensheni, mwenye muda, ambaye hakuna mkuu wa shule anayeweza kumhamisha wala mkurugenzi anayeweza kumnyima cheo. Ndiyo maana mwalimu mstaafu ni sura ya kawaida katika chaguzi za bodi za shule nchini humo. Nami nasema anastahili kutazamwa kwa makini zaidi, kwa wema na kwa ukali.

Kwanza tuelewane kuhusu bodi yenyewe. Huku kwetu tukisikia bodi ya shule tunafikiria kikao cha wazazi na viongozi wa shule moja, wanaozungumzia choo kilichobomoka na uji wa watoto. Marekani ina wilaya za shule zaidi ya 13,000, na nyingi huongozwa na bodi zinazochaguliwa na wananchi. Bodi moja husimamia shule zote za wilaya. Huajiri na kufukuza mkurugenzi mkuu, hupitisha bajeti, huamua shule ipi ifungwe na ipi ijengwe, huchagua vitabu. Wizara ya elimu ya taifa ina mkono mfupi katika mambo hayo. Wilaya ya Los Angeles, ya pili kwa ukubwa nchini baada ya New York, ina wanafunzi wapatao 400,000, na wote wako chini ya watu saba.

Watu saba! Zipo nchi ambazo hazina wanafunzi wengi hivyo. Kwa hiyo swali la nani akalie viti hivyo ni zito, na Los Angeles imelijibu kwa namna mbalimbali katika miaka ya karibuni.

Mwaka 2014 wapiga kura wa eneo la kusini mwa jiji walimrudisha kazini George McKenna, akiwa na umri wa miaka 73. Alianza kama mwalimu wa hisabati, akaja kuwa mkuu wa sekondari ya Washington Preparatory, na sifa zake huko zilienea kiasi cha kutengenezewa filamu ya televisheni mwaka 1986, Denzel Washington akiigiza nafasi yake. Mwaka uliofuata, upande wa San Fernando Valley, akajitokeza Scott Schmerelson. Huyu hakuwa na filamu. Alianza na kufundisha Kihispania, akawa mshauri wa wanafunzi, akawa mkuu wa shule, na alipostaafu alikuwa ameitumikia wilaya hiyo kwa zaidi ya miaka 30.

Schmerelson alikuwa akipambana na mjumbe aliyekuwa madarakani, Tamar Galatzan, mwanasheria mwendesha mashtaka wa jiji. Katika duru ya kwanza Galatzan aliongoza kwa mbali. Kwa desturi ya siasa, mambo yalikuwa yamekwisha. Ila wilaya ilikuwa imetoka katika kipindi kigumu. Mpango wa kumpa kila mwanafunzi kompyuta aina ya iPad, uliokadiriwa kugharimu zaidi ya dola bilioni moja, ulikuwa umeporomoka mwaka 2014 huku kukiwa na maswali kuhusu namna zabuni ilivyotolewa. Mwaka huohuo mfumo mpya wa kompyuta wa kutunza kumbukumbu za wanafunzi ulivurugika shule zilipofunguliwa. Wapo watoto waliokaa majuma bila ratiba sahihi, wengine wakipangiwa masomo waliyokwisha kufaulu. Mkurugenzi mkuu, John Deasy, aliondoka Oktoba 2014.

Hapo ndipo mtu aliyewahi kuwa mshauri wa wanafunzi anapopata jambo la kusema. Kupanga ratiba ya shule ya mamia ya watoto ni kazi ambayo hakuna anayeiona mpaka iharibike. Aliyeifanya anajua kwamba Jumatatu ya kwanza ya muhula haingoji wataalamu wamalize majaribio yao. Duru ya pili ilipopigwa Mei 2015, mstaafu alishinda. Na kwa kuwa wapiga kura wa jiji walikuwa wameidhinisha kubadilisha kalenda ya uchaguzi, kipindi chake cha kwanza kilirefushwa hadi miaka mitano na nusu.

Siku hiyohiyo, katika eneo jirani, mwalimu mwingine wa zamani alishindwa. Bennett Kayser, aliyekuwa mjumbe tangu 2011, aliangushwa na Ref Rodriguez, mmoja wa waanzilishi wa mtandao wa shule za chata. Hizi ni shule zinazolipiwa na kodi ya wananchi lakini huendeshwa na taasisi binafsi zenye bodi zake. Basi usije ukadhani kwamba cheo cha ualimu ni tiketi. Mwaka 2017 rais wa bodi, Steve Zimmer, aliyefundisha kwa miaka 17 kabla ya kuingia siasa, aling'olewa katika uchaguzi uliovunja rekodi ya gharama kwa kiti cha bodi ya shule nchini Marekani. Takriban dola milioni 15 zilitumika katika kinyang'anyiro cha viti vichache tu. Matajiri wanaounga mkono shule za chata, akiwamo Reed Hastings wa Netflix, walimwaga fedha upande mmoja. Vyama vya walimu na wafanyakazi vilimwaga upande wa pili.

Jambo hili linaniuma, na sioni sababu ya kulipunguza makali. Mstaafu mwenye pensheni hawezi kushindana na dola milioni. Akitaka kusikika, lazima awe na chama cha kumlipia vipeperushi, na akikubali chama kimlipie, adui zake watasema ni kibaraka wa chama. Schmerelson mwenyewe, alipotetea kiti chake mwaka 2020, alichorwa katika vipeperushi akiwa na sigara na fedha, mchoro uliolaaniwa na wengi kuwa ni wa chuki dhidi ya Wayahudi. Alishinda. Lakini ni wazee wangapi wenye busara wanaoyatazama hayo wakaamua kubaki nyumbani na wajukuu?

Sasa tazama kinachotokea wastaafu wakishaingia bodini. Mei 2018 bodi ya Los Angeles ilipiga kura kumwajiri Austin Beutner kuwa mkurugenzi mkuu. Beutner alikuwa mtu wa benki za uwekezaji, aliwahi kuwa naibu meya na mchapishaji wa gazeti, lakini hakuwahi kuendesha shule wala wilaya ya shule. Kura zilikuwa tano kwa mbili. Wawili waliokataa ni McKenna na Schmerelson.

Ningependa kuishia hapo na kusema: mnaona, walimu walijua. Haki haikubali. Richard Vladovic, naye mwalimu na mkuu wa shule wa zamani, alikuwa miongoni mwa watano waliokubali. Na huyo Beutner, janga la korona lilipofunga shule Machi 2020, alisimamia ugawaji wa mamilioni ya milo kwa familia za jiji, kazi ambayo hata wapinzani wake waliiheshimu. Ualimu haumpi mtu jicho la kuona kesho. Unachompa ni kujua swali la kuuliza: nani atafanya kazi hii darasani, saa ngapi, na akiifanya ataacha ipi?

Mtu aliyelionesha hilo vizuri zaidi ni Jackie Goldberg, na habari zake zinahitaji nafasi.

Goldberg alizaliwa 1944. Akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1964 alikuwa miongoni mwa viongozi wa vuguvugu la kudai uhuru wa kusema chuoni. Baadaye alifundisha sekondari kwa miaka mingi mjini Compton, mji wa watu wa kipato cha chini ulio karibu na Los Angeles. Mwaka 1983 alichaguliwa kuingia bodi ya Los Angeles, akakaa hadi 1991. Kisha akawa diwani wa jiji, halafu mbunge wa jimbo kwa miaka sita hadi 2006, ambako aliongoza kamati ya elimu. Akamaliza. Kwa hesabu ya kawaida huyo ni mtu aliyekwisha kutoa mchango wake.

Mwaka 2018 kiti cha Ref Rodriguez kikabaki wazi. Alijiuzulu baada ya kukiri makosa yanayohusu fedha za kampeni yake ya 2015. Uchaguzi mdogo ukaitishwa Machi 2019, wagombea kumi wakajitosa, na Goldberg, miaka 74, akawa mmoja wao.

Wakati wa uchaguzi huo una maana yake. Januari 14, 2019 walimu zaidi ya 30,000 wa Los Angeles waligoma, mgomo wa kwanza katika miaka 30. Walitembea katika mvua kwa siku sita za masomo. Walidai nyongeza ya mshahara, ndiyo, lakini vilevile walidai muuguzi katika kila shule, wakutubi katika sekondari na madarasa yasiyojazana. Zilikuwapo shule ambazo muuguzi alikuja siku moja kwa juma, kana kwamba pumu ya mtoto ina ratiba. Mgomo ulikwisha kwa makubaliano: nyongeza ya asilimia 6, wauguzi na wakutubi zaidi, na hatua za kupunguza idadi ya wanafunzi darasani. Majuma sita baadaye watu wakaenda kupiga kura. Goldberg alipata karibu nusu ya kura zote katika uwanja wa watu kumi. Katika duru ya pili, Mei 14, alimshinda Heather Repenning, aliyewahi kuwa msaidizi wa meya Eric Garcetti, kwa kupata zaidi ya asilimia 70 ya kura.

Chama cha walimu kilimuunga mkono Goldberg. Chama cha wafanyakazi wengine wa shule, yaani madereva wa mabasi, wapishi na wafagizi, kilimuunga mkono Repenning na kutumia fedha nyingi. Wafanyakazi wa paa moja waligawanyika, jambo linaloonesha kwamba si kila anayefanya kazi shuleni huona mwalimu ndiye msemaji wake.

Wapo waliohoji: huyu ni wa walimu, atawezaje kuwa mwajiri wao? Jibu lilikuwa katika historia yake. Walimu wa Los Angeles walipogoma Mei 1989, kwa siku tisa za masomo, Goldberg alikuwa ndani ya bodi. Alikuwa upande wa mwajiri, mwalimu wa jana akitazama walimu wa leo wakipita barabarani na mabango. Mgomo ule uliwapatia nyongeza ya asilimia 24 kwa miaka mitatu. Kisha uchumi wa California ukaanguka, na mapema katika miaka ya 1990 walimu haohao wakakatwa mishahara kwa asilimia 10. Aliyeyapitia hayo anaelewa kwamba ahadi isiyo na chanzo cha fedha humrudia mwalimu ikiwa deni.

Na chanzo cha fedha ndicho alichokisema bila kuchoka. Goldberg alianza kufundisha kabla ya 1978, mwaka ambao wapiga kura wa California walipitisha Pendekezo la 13. Hilo liliweka ukomo wa kodi ya majengo kwenye asilimia moja ya thamani iliyosajiliwa, likazuia thamani hiyo isipande kwa zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka mpaka jengo liuzwe, na likataka theluthi mbili ya kura ili kodi maalumu ya mahali ipite. Shule zilikuwa zikitegemea kodi hiyo. Mwalimu kijana wa leo California hajawahi kuona shule ya umma isiyolalamikia fedha, kwa hiyo anaweza kuamini kwamba uhaba ni hali ya asili, kama jua na ukame. Mstaafu aliyeingia darasani kabla ya 1978 aliiona shule ya umma kabla ya ukomo huo. Kumbukumbu yake ni ushahidi.

Ila ushahidi si kura. Juni 4, 2019, majuma matatu tu baada ya Goldberg kushinda kwa kishindo, wakazi wa wilaya waliulizwa kama wakubali kodi mpya ya majengo kwa ajili ya shule. Ilihitajika theluthi mbili. Haikufika hata nusu. Watu walewale waliopiga honi kuwashangilia walimu wakiwa kwenye mgomo, au majirani zao, walikataa kulipa. Huo ndio ukweli wa kazi hii ambao hakuna kipeperushi kinachouandika: mwalimu mstaafu huingia bodini akiwa na heshima ya mtaa mzima, na anakuta heshima haijazi bajeti. Idadi ya wanafunzi wa Los Angeles ilipita 700,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000, na imekuwa ikishuka tangu hapo. Jimbo hulipa kwa kuhesabu vichwa vya waliohudhuria. Mjumbe yeyote, mwalimu au mtu wa benki, lazima akabiliane na madarasa matupu.

Sasa niseme lile ambalo wapenzi wa walimu, nami nikiwamo, hatulisemi mara nyingi. Ujuzi wa mwalimu huchakaa. Aliyeacha darasa miaka 15 iliyopita hajamfundisha mtoto mwenye simu janja mfukoni. Hajakaa na darasa lililopoteza zaidi ya mwaka mmoja nyumbani kwa sababu ya korona. Akisimama jukwaani na kusema "enzi zetu tulifanya hivi," ana wajibu wa kurudi shuleni, akae kiti cha nyuma, asikilize. Wapo wanaogombea ili kulipiza kisasi kwa mkurugenzi aliyewadharau. Wapo wanaogombea kwa sababu nyumba imekuwa kimya mno. Mpiga kura ana haki ya kuuliza: mara ya mwisho kuingia darasani ni lini, na ulijifunza nini kipya humo?

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki mjadala huu haupo mbali. Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya mwaka 2013 imechukua njia tofauti na ya California: katika bodi ya usimamizi ya shule, pamoja na wawakilishi sita wa wazazi na watatu wa wafadhili, kuna kiti kimoja cha mwalimu anayechaguliwa na walimu wenzake wa shule hiyo. Kenya imemwamini mwalimu aliye kazini awe sauti moja kati ya nyingi. California imemtaka achague. Na Watanzania wanajua uzito wa kuchagua, maana mwaka 1955 Julius Nyerere alilazimika kuamua kati ya kazi yake ya kufundisha Pugu na uongozi wa TANU, akaacha kazi. Kwangu njia ya Kenya ina faida, kwa kuwa inaleta mezani ujuzi wa wiki hii badala ya kumbukumbu za zamani. Lakini bodi ya Kenya ni ya shule moja, na mwalimu huyo bado yuko chini ya mkuu wa shule ambaye ndiye katibu wa bodi. Atasema ukweli wote mbele ya bosi wake? Mstaafu angesema.

Hapo ndipo ninaposimama mimi. Thamani ya mwalimu mstaafu bodini ni mambo mawili yakikutana: anajua kazi, na hamwogopi mtu. Likikosekana moja, kiti hicho apewe mwingine. Los Angeles yenyewe inaendelea kujaribu. Schmerelson alichaguliwa tena mwaka 2024 kwa tofauti ndogo dhidi ya Dan Chang, ambaye naye alikuwa mwalimu wa hisabati, na mwaka 2025 alikuwa rais wa bodi. Goldberg hakugombea tena. Kiti chake kilichukuliwa na Karla Griego, mwalimu wa watoto wenye mahitaji maalumu.

Neno langu la mwisho ni kwa Waswahili walioko Marekani, na sasa ni wengi, hasa familia zilizotoka Kongo kupitia makambi ya Tanzania, Burundi na Uganda. Katika miji kama Louisville, jimbo la Kentucky, Kiswahili kimekuwa miongoni mwa lugha zinazosikika sana shuleni, na bodi ya huko huchaguliwa na wananchi vilevile. Ukishapata uraia, jiandikishe. Siku ya kura usiishie kwa rais na gavana. Shuka chini kabisa ya karatasi, mahali ambapo wengi huacha wazi, utafute bodi ya shule. Kabla ya siku hiyo nenda kwenye mkutano wa wagombea, na kama yupo mwalimu mstaafu, msimamishe baada ya hotuba. Muulize hivi: mtoto wako, anayeongea Kiswahili nyumbani na Kiingereza cha kubabaisha darasani, atafundishwa na nani mwaka ujao, na mshahara wa mwalimu huyo utatoka fungu gani. Akikujibu kwa majina ya shule na kwa hesabu, mpe kura.